Wasifu wa Ndege Iliyoanguka Makambako

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Vyeo nitaviruka, maana hata nikivitaja hamtaniamkia vizuri zaidi ya hivi mnavyoniamkia. Mshahara ndiyo kabisa. Nitawaandikia kuhusu mianzi, gundi, upepo, na mtu aliyenifundisha vyote hivyo, Mzee Mtewele. Mtu huyo nilimkosea vibaya, na kosa langu akalibeba yeye miaka kumi na minne akidhani ni lake. Wengi wenu mlikuwepo siku nilipolisema, lakini pilau lilikuwa linanukia na macho yenu yalikuwa kwenye masufuria, kwa hiyo naandika.

Nilifika Njombe nikiwa na miaka thelathini na minne, kutoka Uwemba, ambako masista walinifundisha useremala. Niliambiwa kampuni ya mashamba ya miti inatafuta fundi mwenye mkono mwepesi. Nikajua ni meza za ofisi. Nikaingia karakana asubuhi, baridi ile ya mwezi wa sita ya kukata masikio, nikamkuta mwanamume mfupi wa Matamba, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine.

"Kamwene," akasema, salamu ya huku kwetu.

"Kamwene, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Lete mikono." Vyeti vyangu hakuviangalia. Akageuza viganja vyangu kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Huko Uwemba ulikuwa unatengeneza nini?"

"Mabenchi ya kanisa, milango, na majeneza."

"Ahaa. Ninyi Wakatoliki mnapenda vitu vizito. Hapa tunatengeneza vitu vinavyoelea hewani. Kila gramu utakayoongeza, uniambie inakwenda kufanya kazi gani huko juu."

Yeye alikuwa Mlutheri, tena mzee wa kanisa, ndiyo maana wote tulimwita Mzee ingawa mimi alinizidi miaka saba tu, na utani huo haukuisha mpaka tunaachana. Akanipa ubao wa paina na randa, akaniambia niupunguze mpaka uwe mwembamba wa milimita mbili, kila mahali sawa. Nilipiga randa wiki nzima. Kila jioni alikuwa anachukua ubao wangu, anauinua dirishani, anasema, "Bado jeneza." Siku ya sita aliuinua, akanyamaza, akauweka mezani na kunionyesha jinsi ya kuukata uwe mbavu za bawa. Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yake, na nilikaa miaka mingi kabla ya kupata nyingine.

Ninyi mmekuta droni zenye panga nne, mnabonyeza kitufe zinapaa. Sisi tulikuwa na ndege zisizo na injini. Kampuni ilitaka picha za mashamba kutoka juu, ijue miti imekufa wapi na moto umepita wapi. Injini ingetikisa kamera na picha ingetoka ukungu mtupu. Kwa hiyo tulijenga ndege yenye mabawa marefu, upana wa watu wawili walionyoosha mikono, kamera tumboni, na vimota vidogo viwili vya kuvuta nyaya za mkia, basi. Rubani anasimama chini na rimoti. Huko Makambako upepo ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu, na ndege inakaa juu ya upepo huo kama paka juu ya gunia la unga. Mahali pasipo na mlima tulichana tyubu za baiskeli, tukaziunga, tukarusha kama manati.

Kurusha kwa mkono ndiko kulikonitoa jasho. Mara ya kwanza niliitupa ndege juu kwa nguvu zangu zote, nikidhani ndege inapenda juu. Ilipanda, ikasimama hewani, ikapiga pua chini. Mzee Mtewele hakunigombeza. Alisema tu, "Umetupa jiwe. Hii hutupi. Unamkabidhi mtu mtoto wake. Mabawa sawa, pua sawa, uso kwenye upepo, hatua tatu, unaachia." Mpaka leo sijaona maelezo bora kuliko hayo, na vitabu vyenu vyenye michoro nimevisoma.

Nikafikiri yameisha. Kumbe! Karakana ilikuwa na desturi yake, na ninyi mmeikuta imekufa, niliyeiua ni mimi. Ndege ikivunjika, jioni hiyohiyo ilikuwa inafanyiwa msiba. Aliyeivunja anaibeba mapajani kwenye gari, imefungwa kitenge, watu wa njiani wakiuliza anajibu, "Tumefiwa." Tukifika karakana wote tunasimama, na Mzee Mtewele anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, mbao alipiga randa nani, mianzi alikata nani na mwezi gani, gundi ipi, nani alirusha, nani alikuwa rubani. Mwisho anasoma sababu ya kifo. Kila aliyetajwa anajibu kwa sauti. Tulikuwa tunacheka sana, lakini hakuna aliyethubutu kudanganya, kwa sababu sababu ya kifo ikikosewa, ndege inayofuata itakufa kifo hichohicho. Siku yangu ilisomwa, "Sababu ya kifo: mkono wa Uwemba." Nikacheka mpaka machozi, na sikurudia lile kosa.

Sasa mianzi. Uti wa bawa, ile fito inayopita katikati ya bawa toka mwanzo hadi ncha, tulikuwa tunaufanya kwa mwanzi uliochanwa. Na mianzi ya kwetu mnaijua, ndiyo ya ulanzi, ile pombe yetu. Mvua zikianza watu wanakata ncha za machipukizi, utomvu unatiririka, mkoa mzima unakuwa mchangamfu. Mzee Mtewele ulanzi hakuugusa, angalau si mbele yangu, lakini tabia ya mwanzi aliijua kuliko wagema. Msimu wa mvua mwanzi una sukari. Ukiukata wakati huo, hata ukiukausha vipi, wadudu bungua wanaufuata, wanautoboa kwa ndani na kuugeuza unga, na nje unabaki mzuri unang'aa. Kwa hiyo tulikata mwezi wa saba tu, kwenye baridi kali, kwa mwaka mzima. "Mwanzi unaonyweka haujengi kitu," alikuwa anasema, na alisema mara nyingi mpaka tukawa tunammalizia.

Nilikaa naye miaka kumi na moja. Macho yake yalianza kusumbua miaka miwili ya mwisho. Alinunua miwani, akabadilisha, akanunua nyingine. Alikuwa anasema kuna ukungu, na kwa kuwa Njombe ukungu haukosekani, tulimwacha. Kwenye kurusha alianza kuniuliza kwa sauti ya chini, "Pua iko wapi, mwanangu?" Nami namwambia, "Juu kidogo, Mzee," anarekebisha. Hakuna aliyejua ila mimi. Mikono yake ilikuwa bado ya ajabu. Ndege ikiyumba kidogo tu, vidole vyake vilikwishajibu.

Mwaka huo mwezi wa pili tuliambiwa tujenge ndege mpya, kubwa, kwa ajili ya kumwonyesha meneja mpya. Nikaenda stoo kuchukua mianzi ya mwezi wa saba. Hakuna. Na sababu ya kutokuwepo ilikuwa mimi mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimezibeba fito zilizobaki kwenda kujengea banda la kuku nyumbani, nikidhani hatutajenga ndege nyingine kabla ya mwezi wa saba. Kuku wangu walilala kwenye mianzi bora kuliko yote mkoa wa Njombe. Ningesema, "Mzee, nimechukua, naomba tusubiri." Angenikoromea siku mbili, basi. Lakini niliona aibu, mtu mzima mimi, fundi, kuitwa mwizi wa fito. Nikakata mianzi mibichi nyuma ya nyumba, wiki mbili nikaikausha jikoni juu ya moshi, nikaileta karakana.

"Ya mwezi wa saba hii?" akauliza, akiipitisha vidoleni.

"Ndiyo, Mzee."

Ilikuwa imekauka vizuri. Uongo wangu ulikuwa umekaushwa vizuri pia. Tukaijenga ndege, tukaibandika plastiki kwa pasi, tukaijaribu mara moja, ikaruka kama malaika, tukaiweka stoo kumsubiri meneja. Akafika mwezi wa sita.

Tulikwenda Makambako, kwenye mlima wetu uleule. Upepo mzuri, jua kali. Wageni walisimama karibu na gari, chai imekwishamiminwa. Mimi nikarusha, Mzee Mtewele akashika rimoti. Ndege ikapanda, ikazunguka, wageni wakapiga makofi, wakarudi kwenye chai yao. Kisha ikapita mbele ya jua. Mzee akapepesa macho, na wakati huohuo mimi nikaona bawa la kushoto likijikunja, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu. Ndege ikaanza kushuka ikijizungusha.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Gaudensia, iko wapi?"

Sikumjibu, nilikuwa natazama inakokwenda. Chini ya mlima kulikuwa na shamba, na mama mmoja anachimba viazi, mtoto mgongoni. Nilipiga kelele, upepo ukaimeza sauti. Ndege ilijichimbia kwenye tuta hatua tatu kutoka alipo. Yule mama alisimama akiwa ameshika jembe, akatuangalia huko juu, akasema maneno ambayo upepo uleule ulituletea juu, tukayasikia wote: "Mnataka kuniulia mtoto?"

Nilikimbia, nikafika wa kwanza. Nilimwomba radhi yule mama, nikapiga magoti kwenye udongo. Uti wa bawa la kushoto ulikuwa umevunjika, na kwenye mpasuko ulimwagika unga laini, mweupe, kama wa muhogo. Vitundu vya sindano kila mahali. Bungua. Nilikivunja kile kipande, nikakitia mfukoni mwa koti, na jioni nikakichoma jikoni kwangu, kwenye mafiga yaleyale yaliyoukausha mwanzi.

Nilipopanda mlima, Mzee Mtewele alikuwa anaongea na meneja. "Ni macho yangu," anasema. "Nimeipoteza kwenye jua. Nilijua hayako sawa, nikaficha."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nikanyamaza.

Jioni tulifanya msiba. Hakuna aliyecheka. Mzee alisoma mwenyewe, karatasi ameileta karibu kabisa na pua. "Mianzi alikata nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mwezi gani?"

"Wa saba."

Akaandika. Kisha akasoma, "Sababu ya kifo: macho ya rubani." Akakunja karatasi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, alibakiza minane kustaafu. Walimpa kazi ya stoo, akakataa. Walimwambia akatibiwe kwanza arudi, akasema, "Nilikaribia kuua mtoto wa watu. Na mkitibu macho, mikono iliyoiangusha mtaitibu kwa dawa gani?" Mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda kwao Matamba. Rimoti nikapewa mimi.

Tangu hapo mnanijua. Nilirusha miaka kumi na mitano. Desturi ya msiba niliifuta wiki ileile, nikasema ni mambo ya kitoto. Badala yake niliwaletea sheria zangu: kila fito iandikwe kwa kalamu mwezi iliokatwa, na kila kumi tuvunje moja makusudi tuangalie ndani. Mmekuwa mkiniita Mama Bungua nyuma ya mgongo wangu. Nasikia, sijawa kiziwi. Mlidhani ni ukali wa uzee. Ulikuwa woga.

Na nilikuwa rubani mzuri, nisijifanye. Nililinda mashamba kwa picha zile, niliwafundisha ninyi, nilipendwa. Lakini kila ndege ikipita mbele ya jua, nilikuwa nasikia, "Gaudensia, iko wapi?" Kwenye kitubio nilimwambia padre, akaniambia nimtafute mwenyewe. Nikasema nitakwenda kiangazi. Viangazi vikapita, na Matamba si mbali hivyo.

Mwaka jana nilimpeleka dada yangu Ikonda, hospitali, mguu wake. Tumekaa kwenye benchi la foleni, mwanamke mmoja akanigeukia, "Wewe si Gaudensia wa Njombe?" Alikuwa mke wa Mzee Mtewele, Mama Neema. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za Mzee na macho yake.

"Macho?" akashangaa. "Macho yalipasuliwa hapahapa mwaka uliofuata, mtoto wa jicho tu. Anaona mbuzi ng'ambo ya bonde. Leo kaja kwa ajili ya presha."

"Basi yuko na kazi zake?"

"Kazi gani, mwanangu! Tangu ile siku randa hajagusa. Msumari tu, anamwita jirani. Wajukuu hawabebi, anasema mikono yake si ya kuaminiwa. Sanduku lake la vifaa nimeligeuza kiti."

Akatokea yeye mwenyewe, dawa mkononi, mwembamba zaidi, sweta mbili. Aliniona kutoka mwisho wa korido. Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonivunja. Hata salamu sikumaliza.

"Mzee, ile ndege. Mianzi sikuikata mwezi wa saba. Niliikata wa pili. Bungua waliila. Bawa la kushoto lilijikunja juu kule, niliona kwa macho yangu, nikanyamaza. Hukuangusha wewe. Niliangusha mimi."

Watu wa foleni waligeuka. Mama Neema aliweka mkono mdomoni. Mzee Mtewele alikaa chini taratibu.

"Uliikaushia wapi?" akauliza.

"Jikoni. Juu ya moshi."

"Wiki ngapi?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa, kifundi, kama nilivyomzoea. "Bawa la kushoto, unasema."

"La kushoto, Mzee."

"Mimi nilivuta kulia." Aliinua kidole gumba, akakisogeza hewani. "Niliisikia inakwenda kushoto, nikavuta kulia. Kwa hiyo nilivuta sawasawa." Kisha akaanza kulia, mzee yule, mbele ya foleni nzima. Mama Neema alinigeukia na kuniambia, bila kupaza sauti, "Wewe mtu wewe. Umeninyang'anya mume akiwa nyumbani."

Nilipopiga magoti Mzee aliniinua. "Usiniombe radhi hapa. Mimi nilianguka mbele ya watu wa kazi. Wasifu ule ulisomwa hadharani na una uongo ndani. Kausome upya."

Ndiyo maana nilipostaafu sikutaka niagwe ukumbini. Niliomba tukaagane Makambako, kwenye mlima, nanyi mkalalamika baridi. Mzee Mtewele na mkewe walikuja kwa basi, wakakaa mbele. Ilipofika zamu ya hotuba yangu, nikatoa karatasi na kusoma: marehemu alizaliwa mwezi wa pili, mianzi nilikata mimi Gaudensia mwezi wa pili, msimu wa ulanzi, nikasema ni wa saba. Baadhi yenu mlicheka, mkidhani ni vichekesho vya kuagana. Nikaendelea mpaka mkanyamaza. Nikasoma, "Rubani alivuta kulia, sawasawa. Sababu ya kifo: fundi alidanganya."

Mzee alisimama. "Nimesikia," akasema. "Kusamehe nilisamehe Ikonda, Maandiko hayakuniachia nafasi nyingine. Ninashukuru imesomwa." Mkampigia makofi, na mmoja wenu, kwa moyo mzuri, akamletea ile ndege ya mwisho ya mianzi niliyowaachia, na rimoti. "Mzee, turushie."

Alikataa, kisha akaichukua. Niliirusha mimi, hatua tatu, nikaachia. Ilikaa vizuri kwenye upepo. Nikasimama begani kwake kama zamani, lakini safari hii hakuniuliza chochote, alikuwa anaiona vizuri mpaka ncha ya bawa. Upepo ukaipiga kidogo ubavuni. Vidole vyake vikajibu, lakini vikachelewa. Ikayumba tena, vikachelewa tena, vikavuta kupita kiasi. Alijaribu kwa dakika moja hivi, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Kisha akanikabidhi rimoti bila kuitoa ndege machoni.

"Ishushe wewe," akasema. "Macho yapo. Mikono imesahau."

Niliishusha. Mlikuwa mmekwishaanza kupakua chakula. Kwenye cheti nilichopewa siku ile wameandika miaka ishirini na sita ya utumishi uliotukuka. Minane kati ya hiyo ni ya Mzee Mtewele.